Hana Mchezo

Baada ya kumzika Mama Jemutai huko Kapseret, tulipokuwa tumeketi chini ya hema tukingoja chakula, binti yake alikuja akaketi kwenye kiti kilichokuwa wazi kando yangu. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki. Mimi ndiye niliyeombwa kusoma somo la siku hiyo, lile la mchungaji na kondoo wake, kwa kuwa katika wazee waliobaki mimi ni mmoja wa waliomjua marehemu tangu alipokuwa mama kijana. Jemutai mwenyewe sasa ana mvi chache mbele. Alitoa karatasi ndani ya bahasha, iliyokunjwa mara nne, akaiweka juu ya goti langu kama mtu anayeweka kikombe kilichojaa. Wino wake wa zambarau ulikuwa umefifia hadi rangi ya majivu, lakini mwandiko niliujua papo hapo kuwa ni wangu, kwa maana hakuna mtu mwingine anayeandika herufi zenye miguu mirefu hivyo. Swali la saba liliuliza: Je, mtoto ana mchezo? Chini yake palikuwa na visanduku viwili, Ana na Hana. Alama ilikuwa kwenye Hana. "Tumeipata ndani ya Biblia ya mama," alisema. "Alikuwa akiambia kila mtu kwamba chuo kilinisifu. Hata wageni wakija kuona ng'ombe, lazima wasikie hiyo. Sasa nataka kukuuliza, Mwalimu. Ni kweli chuo kilinisifu?" Kabla sijajibu akaitwa aende kuonyesha wachungaji mahali pa kukaa. Nikabaki na karatasi gotini, na swali.

Nimefundisha katekisimu miaka mingi, na nimezoea kuulizwa maswali magumu na watoto wa kipaimara. Hili lilinishinda. Ili nilijibu kwa haki ilinibidi nirudi kwenye mwaka ule wote, na mwaka ule sijawahi kuuelewa vizuri. Namshukuru Mungu kwa ajili yake, kama ninavyomshukuru kwa mingine, ila huu namshukuru bila kujua hasa ni kwa lipi.

Nilikuwa mwanafunzi wa ualimu wa nasari, mwanamume peke yangu katika darasa la wanawake. Mwaka wa mwisho kila mmoja alitakiwa afanye utafiti juu ya mtoto mdogo na mchezo, maana walimu wetu walitufundisha kwamba mtoto hujifunza kwa kucheza kabla hajajifunza kwa kalamu, na kwamba anayetaka kujua akili ya mtoto inavyokua na amtazame akicheza. Niliyapenda mafundisho hayo. Fomu ya kuwauliza wazazi ilikuwa ya Kiingereza, nasi tukaambiwa tuitafsiri wenyewe. Nikakaa jioni moja mezani na kamusi nikaitafsiri yangu, nikaipiga stensili, nakala mbili kwa kila mtoto, moja ya chuo na moja ya mzazi. Niliona fahari sana kwa Kiswahili changu. Swali la saba lilinipendeza kuliko yote kwa sababu lilikuwa fupi.

Nilipanga chumba Kiplombe kwa Mama Tabitha, mjane wa kanisa letu, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo ya mto. Chumba changu kilitenganishwa na jiko lake kwa ukuta wa mbao, na kwenye mbao hizo palikuwa na nyufa ambazo yeye aliziziba kwa kurasa za kalenda. Kwa hiyo nilisikia kila kitu: maziwa yakichemka, redio ikisoma habari za vifo, na mashauri ya akina mama waliokuja kuazima ungo wakabaki saa mbili. Alinilisha kana kwamba nilikuwa nimetoka njaani. Asubuhi chai ya maziwa na viazi vitamu, jioni ugali na sukuma, Jumapili kuku. Siku ya kwanza aliniuliza kama sisi watu wa ziwa tunaweza kunywa mursik. Nikamwambia nitajaribu. Nilipokunywa yale maziwa lala ya kibuyu, yenye chembe nyeusi za mkaa, nikaomba kikombe cha pili. Akawaambia majirani kwamba huyu amefika nyumbani.

Kila asubuhi nilikwenda kwa baiskeli hadi Kapseret, kwenye nasari iliyokuwa ndani ya kanisa dogo la mabati. Njiani palikuwa na kituo cha maziwa ambapo wanaume walisimama na mitungi yao wakingoja lori. Hawakuniacha nipite bure. "Mwalimu, ni kweli unasomea kuangalia watoto wakicheza?" aliuliza mmoja. Nikasema ni kweli. "Na unalipwa?" Nikasema silipwi. "Basi hiyo ni mbaya zaidi," akasema, nao wakacheka hadi mitungi ikagongana. Kanisani mwalimu mkuu, Mwalimu Rhoda, alinipa kiti cha mbao cha sakristia, akakiweka barazani, akaniambia nisikisogeze kwa sababu mguu mmoja ulikuwa umelegea. Nami sikukisogeza. Wiki tatu niliketi pale, daftari gotini, watoto wakitoka kunywa uji wa wimbi na kutawanyika uwanjani. Niliandika kila baada ya dakika tano: nani anaruka kamba, nani amekuwa dereva, nani ni bibi harusi, nani analia.

Jemutai alikuwa na miaka sita. Kila mapumziko alimaliza uji wake, akafuta kikombe kwa pindo la sweta, akaenda hadi mwisho wa uwanja karibu na ua wa michongoma, akaketi. Hakuita mtu, na hakuna aliyemwita. Alikuwa na kijiti alichokiinua mara moja moja na kukirudisha chini. Katika daftari langu, chini ya jina lake, neno ni moja kuanzia juu ya ukurasa hadi chini: ameketi, ameketi, ameketi. Nilimwonea huruma. Jioni nilimtaja katika sala zangu pamoja na wagonjwa.

Nyakati za alasiri nilizunguka na fomu kwa wazazi. Mama Jemutai alinipokea mlangoni kwa mikono yenye harufu ya samli, akanikaribisha, akaketi wima kama mtu aliye mbele ya hakimu. Maswali sita ya kwanza yalikwenda vizuri. Kisha nikasoma la saba, kwa sauti, kama lilivyoandikwa. Akanitazama kidogo. "Huyu? Huyu hana mchezo, Mwalimu," akasema. "Hana mchezo kabisa. Ukimwambia lete maji, ameleta. Ukimwambia angalia ndama, ameangalia mpaka jioni." Nikaandika. Nikamwachia nakala yake, akaisoma polepole akifuata kwa kidole, akaikunja mara nne. Ajabu ni kwamba karibu wazazi wote wa pande zile walinijibu hivyo hivyo. Zaidi ya nusu ya watoto wa nasari ile, watoto niliowaona kwa macho yangu wakipanda juu ya paa la choo, kwa mujibu wa fomu zangu hawakuwa na mchezo. Nilichanganyikiwa. Nilifikiri pengine nyumbani huwa tofauti. Nilimpelekea majibu hayo msimamizi wangu chuoni, akasema ni jambo jipya na la kupendeza sana, niendelee. Nikaendelea.

Muhula ulipokaribia kwisha, Mwalimu Rhoda aliniomba fomu zangu ili zimsaidie kupanga nani aingie darasa la kwanza. Alikuwa mwanamke wa haki, asiyeamua jambo bila sala na karatasi. Aliwapima watoto wengine kwa alivyowajua mwenyewe, lakini kwa Jemutai, ambaye hakuwa akisema neno darasani, aliona karatasi zangu mbili zinakubaliana: mama amesema hana mchezo, na mtafiti amemwona ameketi. Akaandika barua kwa shule moja ya bweni, mbali, ng'ambo ya Ainabkoi, ya watoto ambao akili zao zinahitaji mwalimu wa namna ya pekee. Ilikuwa shule njema kwa watoto wanaoihitaji. Wakajibu kwamba nafasi ipo, na gari lao lingekuja kumchukua Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Nilipoambiwa nilihisi uzito, lakini pia, Mungu anisamehe, nilihisi kwamba utafiti wangu umefaa kitu.

Jumapili kabla ya Ijumaa hiyo nilikuwa chumbani nikila paja la kuku peke yangu, maana Mama Tabitha alikuwa na mgeni jikoni, jirani aliyetoka Kapseret siku hiyo hiyo. Nilisikia ungo ukiwekwa chini, na kigoda kikivutwa.

"Umesikia ya Mama Jemutai?" jirani akauliza. "Chuo kimechagua mtoto wake kwenda bweni. Mtoto wa miaka sita."

"Kumchagua kwa nini?"

"Si wameandika hana mchezo. Nimeiona karatasi. Anaonyesha kila mtu. Amenunua na sanduku."

"Basi kama huyu kijana wangu wa chuo," Mama Tabitha akasema, na nikasikia mwiko ukigonga sufuria. "Huyo naye hana mchezo. Saa kumi na moja ameshaamka, anaomba. Mpaka mimi naona haya kulala."

Nilibaki na mfupa mkononi. Jana yake tu nilikuwa nimecheza mpira wa makaratasi na wapwa wa Mama Tabitha hadi nikavunja chungu chake cha maua, na yeye ndiye aliyenifokea. Sasa alikuwa akisema sina mchezo, na hakukosea hata kidogo. Neno hilo nilikuwa nalo mdomoni maisha yangu yote. Nilimsifia nalo mhubiri, fundi, hata jogoo wa jirani. Lakini nilipolishika kwa kalamu, likiwa na kisanduku mbele yake, nililisahau kama mtu anayesahau jina la ndugu yake mbele ya polisi. Nilikuwa nimewauliza akina mama kama watoto wao ni wavivu na watukutu, nao wakawatetea, nami nikayaandika maneno yao ya utetezi kuwa ugonjwa. Na Mama Jemutai alikuwa akipakia sanduku kwa furaha, akiamini binti yake amepata tuzo.

Usiku ule niliomba lakini sala haikuwa na mwelekeo. Nilikuwa nimefundishwa kwamba uongo ni kusema lisilo kweli huku unajua si kweli. Mimi sikujua. Basi nilikuwa nimetenda nini? Sikupata jina lake.

Asubuhi nilimweleza Mwalimu Rhoda yote. Alinisikiliza akiwa ameshika kikombe cha uji bila kunywa. "Sawa," alisema. "Neno la mama ulikosea. Na macho yako?" Akafungua daftari langu kwenye ukurasa ule, akalizungusha ili nisome mwandiko wangu mwenyewe. "Wiki tatu, Mwalimu. Ameketi, ameketi, ameketi. Hapo napo Kiswahili kilikudanganya?" Akasema, bila ukali, "Gari linakuja Ijumaa. Kama una lingine la kuniambia, uniambie kabla ya hapo."

Mapumziko yalipofika nilifanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya wiki zote tatu: niliinuka kutoka kwenye kile kiti. Nilivuka uwanja, watoto wakanipisha kwa mshangao, nikaenda hadi kwenye ua wa michongoma nikasimama mbele yake. "Jemutai," nikasema, "unacheza?" Akatikisa kichwa. Hapana. Mtoto alijibu kwa uaminifu kabisa. "Unafanya nini basi?" Alikuwa akitazama viatu vyangu, na uso wake ulikuwa umejaa hofu ya mtu mzima. Mwishowe akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, "Mwalimu, umekanyaga ile iko na mimba."

Niliinua mguu. Chini ya soli palikuwa na tunda la ndulele, lile la manjano la kichaka chenye miiba ambalo hakuna anayekula, limepasuka, na vijiti vinne vya miguu yake vimelala pande zote. Nikachuchumaa. Nyasi pale zilikuwa ndefu, na ndani yake, mahali ambapo mtu aliyeketi barazani asingeweza kuona hata angekaa mwaka mzima, palikuwa na ng'ombe wengine saba, wa kijani na wa manjano, kila mmoja akitazama upande wake. Palikuwa na zizi la kokoto, dip ya udongo ya kuogeshea ng'ombe, iliyotiwa maji ya uji, na lango la kijiti. Nilimwomba msamaha kwa ile ya mimba. Akaniambia itabidi nilete nyingine. Nikamwuliza kwa nini hakimbii na wenzake, akanieleza taratibu, kwa kuwa aliona sijui lolote, "Ukikimbia, na zenyewe zitakimbia." Nikamwuliza kwa nini basi alisema hachezi. "Niko kazi," akasema.

Mwalimu Rhoda alikuja mwenyewe, akainama, akatazama zizi lile kwa muda mrefu. Alipoinuka magoti yake yalikuwa na udongo. "Nitaandika barua nyingine," akasema. "Lakini kwa mama utakwenda wewe."

Nilikwenda alasiri ile ile. Sanduku la bati, la rangi ya buluu, lilikuwa mezani, na ndani niliona blanketi, sahani na kipande cha sabuni. Mama Jemutai alinimiminia mursik, akakata ugali, akaketi. Mimi nilikuwa na haraka ya kumfurahisha. "Mama, nimekuja na habari njema," nikasema. "Leo nimemwona Jemutai akicheza."

Alikunja uso. "Nani amemwona?"

"Mimi mwenyewe."

"Wakati wa masomo?"

"Wakati wa mapumziko."

"Jemutai," akaita bila kugeuka, "kuja hapa." Sauti ile ilinisimamisha. Kwa mara ya pili nilikuwa nimelitumia neno lile lile, na kwa mara ya pili lilikuwa limekwenda mahali nisipolituma. Mtoto alikuja akasimama mlangoni. "Hapana, mama, hajakosa," nikasema. "Nimesema vibaya. Alikuwa akichunga."

"Akichunga nini?"

"Ng'ombe wake."

Akanitazama, akamtazama mtoto. "Ngapi?"

"Walikuwa wanane. Mmoja nimemkanyaga."

Akafunika mdomo kwa mkono, mabega yakaanza kutikisika, na kabla ya muda mrefu sote watatu tulikuwa tukicheka, mtoto naye akicheka bila kujua kwa nini. Kisha akapangusa macho, akaweka kiganja juu ya sanduku. "Sasa ile shule," akasema. "Ijumaa niwe tayari saa ngapi?"

Hapo ndipo ninapofika kila ninapoukumbuka mwaka ule, na hapo ndipo ninapopotea. Nilikuwa nimekuja kusema kweli. Kweli ilikuwa ulimini. "Ile shule, mama," nikaanza, "ni ya watoto ambao..." Alikuwa akinisikiliza kwa uso wote. Nikatazama lile blanketi lililokunjwa. "Ni ya watoto ambao nyumbani hawana mtu wa kuwafunza," nikasema. "Wako ana wewe. Tumeona abaki." Alifikiri, kisha akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea heshima ya pili iliyo kubwa kuliko ya kwanza. Nikanywa mursik iliyobaki nikaondoka. Neno la kwanza lisilo kweli nililiandika bila kujua, na nusura limtenge mtoto na mama yake. Hili la pili nililisema nikijua. Nimeungama mambo mengi maishani, na hili nimeliungama pia, lakini padri alipoliondoa halikuondoka lote.

Chuoni, niliposahihisha fomu, msimamizi wangu alikasirika. Jambo jipya na la kupendeza lilikuwa limeyeyuka. Kwa Jemutai sikuweka alama kwenye kisanduku chochote, niliandika kando yake neno moja, anachunga, naye akalipigia mstari mwekundu akasema neno hilo halina mahali katika utafiti. Nikaamriwa kurudia kazi ya nje mwaka uliofuata. Niliirudia, kwa subira, na swali la saba nililiandika upya: Mtoto akiachwa peke yake, hufanya nini? Majibu yake yalikuwa marefu, na sikuyaelewa yote.

Jemutai alirudi kuketi kando yangu akiwa na sahani mbili. Karatasi ilikuwa bado gotini. Nilikuwa nimekwisha kujua nitasema nini, au nilidhani hivyo.

"Mama yako ndiye aliyekusifu," nikamwambia. "Mimi niliandika tu alivyosema."

"Kwa hivyo chuo hakikusema kitu."

"Chuo kilisema nirudie mwaka."

Akacheka, mkono mdomoni, na kwa kitambo kile nilimwona marehemu. Nikaona nisipoendelea sasa sitaendelea tena. Nikamweleza habari ya gari la Ijumaa, na shule ile ilikuwa ya watoto gani, na nilimwambia mama yake nini juu ya sanduku la buluu. Nilisema nikitazama ugali wangu. Nilipomaliza hakushtuka.

"Hiyo mama alijua," akasema. "Mwaka mmoja tulienda ng'ambo ya Ainabkoi kununua mbegu ya viazi, tukapita kwa lango la hiyo shule. Akaona kibao, akaona watoto. Akasimama muda mrefu."

Nikamwuliza alisema nini. Alichukua karatasi gotini pangu, akaikunja mara nne kwa mikunjo ile ile ya mama yake, akairudisha ndani ya bahasha.

"Alisema kumbe siku ile ya sanduku hata mwalimu alikuwa anachunga."